Kumzidi mtu takwimu

Kiingereza kina kiambishi kidogo, "out-", ambacho kikibandikwa mbele ya kitenzi hukitafutia kitenzi hicho mtu wa kushindwa. "Run" ni kukimbia, na anayekimbia anaweza kukimbia peke yake asubuhi nzima. "Outrun" ni kumshinda mwenzako mbio; bila mwenzako, neno halina kazi. Ndivyo ilivyo kwa "outvote", kumshinda mtu kwa kura, na "outlive", kuishi ukamzika. Kiambishi hiki hakichagui sana. Kinakubali nomino ("fox" ni mbweha, "outfox" ni kumzidi mtu kwa ujanja wa mbweha) na kinakubali hata majina ya watu. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, sehemu ya tatu, onyesho la pili, mwana wa mfalme anawakanya waigizaji wanaopayuka jukwaani kwamba huko ni "out-Herod Herod", yaani kumshinda Herode mwenyewe kwa Uherode. Herode wa michezo ya dini ya zamani alijulikana kwa kupiga makelele.

Kwa mlango huohuo ndipo linapoingia "outstatistic": kumshinda mtu kwa takwimu. Wala hakuna wa kulizuia, maana kiambishi hicho bado kinazaa. Ukitaka kulinyambua, fuata njia ya "panic" na "mimic", maneno yanayoishia na c kama lenyewe. Yote mawili huchomeka k kabla ya kiambishi tamati, hivyo aliyeshindwa jana amekuwa "outstatisticked". Sura yake mbaya, lakini maana inasikika mara moja.

Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, na minyambuliko yetu haisaidii. Ukimwekea "kukimbia" mtendwa, unapata "kumkimbia", na hapo wewe ndiye unayetoroka. Ukiongeza kauli ya kutendea unapata "kumkimbilia", yaani unamwendea mbio, labda akuokoe. Kumshinda mbio hakumo katika mnyambuliko wowote. Tulichonacho badala yake ni muundo wa kitenzi, mtu, kisha jambo: kumshinda mtu mbio, kumzidi akili, kumzidi ujanja, kumzidi kete. Kwa hiyo "kumzidi takwimu" ni Kiswahili halali kabisa hata kama hujawahi kukisikia, na aliyeshindwa "amezidiwa takwimu". Vijana wa mtandaoni wakiamua kusema "amemtakwimu", nao wataeleweka.

Angalia pia misamiati yetu ya kushindana inatoka wapi. Kete ni za bao. Kumpiga mtu bao kunatoka hukohuko. Kupiku ni kwa karata: mwenzako ametupa karata nzuri, wewe unatupa iliyo kubwa zaidi na kukusanya zote. Kwa mabishano ya takwimu, hakuna kitenzi kilicho sahihi kuliko hiki cha karata, kwa sababu anayemzidi mwenzake takwimu ni nadra kuwa na ukweli mwingi zaidi. Mara nyingi karata ni zilezile, ila yeye amezigawa upya.

Kugawa ndilo neno lenyewe. Katika hesabu za shule ya msingi, sehemu ina kiasi juu na asili chini. Robo tatu: kiasi ni 3, asili ni 4. Neno "asilimia" limebeba habari hiyo waziwazi, ni asili na mia, sehemu ambayo chini yake pamewekwa mia. Anayebishana kwa takwimu hukupa kiasi kwa sauti kubwa na asili kwa sauti ndogo, au hakupi kabisa. Anayetaka kumpiku hatafuti kiasi kikubwa zaidi. Anabadilisha asili.

Chukua ubishi unaopendwa Tanzania: Dar es Salaam inakua kuliko mkoa wowote.

Mbishi wa kwanza anakuja na sensa mbili. Agosti 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Agosti 2022 ulikuwa na 5,383,728. Wameongezeka watu 1,019,187 katika miaka kumi, zaidi ya milioni nzima. Anakaa chini, ameridhika.

Wa pili anaziacha namba hizo kama zilivyo na kuzigawa. Ongezeko la 1,019,187 ukiligawa kwa 4,364,541 unapata asilimia 23.4. Kisha anageukia nchi nzima: kutoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani ongezeko la 16,812,197, ambalo ni asilimia 37.4. Mkoa uliodaiwa kuongoza umekua polepole kuliko nchi yenyewe. Mwaka 2012 Watanzania 97 katika kila 1,000 walikuwa wakazi wa Dar es Salaam. Mwaka 2022 walibaki 87. Anaweza kuongeza, kwa upole unaouma, kwamba mwenzake anatembea na karata ya muongo uliopita: kati ya 2002 na 2012 Dar es Salaam ndiyo kweli iliyoongoza, kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Muongo uliofuata imeshuka hadi 2.1, huku taifa likiwa 3.2.

Hapo wengi hudhani mchezo umekwisha. Wa tatu anauliza swali ambalo halimo katika jedwali: mpaka wa mkoa uko wapi, na mji unaishia wapi? Mpaka wa mkoa ni mstari wa kiserikali. Mtu anayejenga Kibaha au Mkuranga na kupanda daladala kila alfajiri kwenda kazini mjini huhesabiwa Mkoa wa Pwani. Na Pwani imetoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, ongezeko la asilimia 84. Ziunganishe Dar es Salaam na Pwani: 5,463,209 mwaka 2012, 7,408,675 mwaka 2022. Ongezeko ni asilimia 35.6, karibu sawa na la nchi. Basi mji haukupoa, ulivuka mpaka. Wa tatu naye ana udhaifu wake, maana Pwani si kitongoji cha Dar es Salaam. Rufiji na Mafia zimo ndani yake, na hakuna anayeamka Mafia kwenda kazini Kariakoo. Jibu safi zaidi lingetaka kuhesabu kata zilizo kando ya barabara kuu tu, na hiyo ni kazi ya jioni kadhaa na majedwali ya sensa.

Watatu wote wametumia chanzo kimoja, na hakuna aliyedanganya. Wa kwanza hakugawa kabisa. Wa pili aligawa kwa watu wa mwanzo. Wa tatu alihamisha mpaka wa kinachohesabiwa. Ukishazizoea hila hizi tatu, utazikuta kila mahali.

Ngazi ya mataifa huchezwa vilevile, ila kwa suti. Aprili 2014 Nigeria ilitangaza hesabu mpya za Pato la Taifa. Uchumi wa mwaka 2013 uliongezeka kwa asilimia 89 ukilinganishwa na hesabu ya zamani, ukafika takriban dola bilioni 510, na Nigeria ikaipita Afrika Kusini kuwa uchumi mkubwa kuliko wote barani. Hakuna kiwanda kilichofunguliwa usiku ule. Kilichobadilika ni mwaka wa kizio, kutoka 1990 hadi 2010. Mwaka wa kizio ni mwaka ambao bei zake na uzito wa kila sekta hutumika kama mizani ya miaka mingine yote. Mizani ya 1990 haikujua simu za mkononi, wala haikuipa Nollywood uzito wake. Kenya ilifanya hivyohivyo Septemba mwaka huohuo, ikitoka kizio cha 2001 kwenda 2009, na uchumi wake wa 2013 ukakua kwa asilimia 25.3 kwenye karatasi, kutoka dola bilioni 44.1 hadi bilioni 55.2.

Zoezi lenyewe ni halali. Wataalamu hushauri lifanyike kila baada ya miaka mitano hivi, na kutolifanya ndiko kunakopotosha. Ila fuatilia kinachotokea kwa kila uwiano ambao Pato la Taifa ndilo asili yake. Deni lililokuwa asilimia 50 ya pato, ukiligawa upya kwa pato lililokua kwa asilimia 25.3, linasomeka asilimia 39.9, na hakuna senti iliyolipwa. Waziri wa fedha anapenda sehemu hiyo. Haipendi ya pili: uwiano wa makusanyo ya kodi kwa pato nao hushuka kwa kiwango hichohicho, na ghafla nchi inaonekana inakusanya kidogo kuliko jirani ambaye bado anatumia kizio cha zamani. Ukisikia nchi moja imeipita nyingine ndani ya mwaka mmoja kwa kishindo, tafuta kwanza kama mojawapo imebadili mizani.

Wapo pia wanaojaribu kushinda mchezo kwa sheria. Mwaka 2018 Tanzania ilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015 na kupiga marufuku kusambaza takwimu zilizokusudiwa kubatilisha, kupotosha au kukashifu takwimu rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na katazo hilo likaondolewa. Kwa lugha ya karata, ilikuwa ni kuzuia kupiku.

Karata inayoumiza watu zaidi ni ile ya "mara mbili". Oktoba 1995 mamlaka ya usalama wa dawa Uingereza ilitoa tahadhari kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vya kizazi cha tatu vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Asilimia 100! Wanawake wengi waliacha kumeza. Lakini maradufu ya nini? Kwa vidonge vya zamani, tatizo hilo lilimpata takriban mwanamke 1 katika kila 7,000. Kwa vipya, 2 katika kila 7,000. Ongezeko lilikuwa mtu 1 katika 7,000. Makadirio ya baadaye ni kwamba mwaka uliofuata, England na Wales zilikuwa na utoaji mimba takriban 13,000 zaidi, na ujauzito wenyewe una hatari ya kugandisha damu kubwa kuliko vidonge vyote hivyo. Mwenye kusema "maradufu" na mwenye kusema "mmoja zaidi katika elfu saba" wanasema jambo lilelile. Wa kwanza ndiye aliyeandikwa magazetini.

Kwa hiyo ukipewa ongezeko la asilimia lolote, dai namba mbili tupu: ilikuwa ngapi katika watu wangapi, na sasa ni ngapi katika watu walewale wangapi. Asili iwe moja kwa zote mbili. Aliyekupa asilimia akishindwa kukupa namba hizo, hana karata, ana kelele.

Kuna hila moja ambayo huwapindua hata waliozoea hesabu, na inastahili kutembelewa hatua kwa hatua. Mwaka 1986 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya tiba za mawe ya figo. Kwa upasuaji wa kawaida wa kufungua, wagonjwa 273 kati ya 350 walipona, asilimia 78. Kwa njia mpya ya kupitisha kifaa katika tundu dogo mgongoni, walipona 289 kati ya 350, asilimia 83. Idadi ya wagonjwa ni sawa kabisa, 350 kwa 350. Njia mpya imeshinda, au siyo?

Wagawe sasa kwa ukubwa wa jiwe. Mawe madogo, chini ya sentimita 2: upasuaji 81 kati ya 87, asilimia 93, tundu 234 kati ya 270, asilimia 87. Mawe makubwa: upasuaji 192 kati ya 263, asilimia 73, tundu 55 kati ya 80, asilimia 69. Upasuaji unaongoza kwa mawe madogo. Unaongoza kwa makubwa. Na bado ukijumlisha, unashindwa.

Mchawi yuko kwenye mgawanyo wa wagonjwa. Upasuaji ulipewa mawe makubwa 263 kati ya 350, yaani kesi ngumu. Tundu lilipewa madogo 270 kati ya 350. Ni kama kulinganisha wastani wa walimu wawili, mmoja kapewa darasa la wanaorudia mtihani.

Kurekebisha kunawezekana kwa kikokotoo cha simu. Jumla ya mawe madogo yote ni 87 na 270, sawa na 357. Makubwa ni 263 na 80, sawa na 343. Sasa jifanye kila tiba ilipewa wagonjwa wote 700. Upasuaji: asilimia 93.1 ya 357 ni 332, asilimia 73 ya 343 ni 250, jumla 582 na ushei kati ya 700, ambayo ni asilimia 83. Tundu: asilimia 86.7 ya 357 ni 309, asilimia 68.8 ya 343 ni 236, jumla 545, asilimia 78. Zile 78 na 83 za mwanzo zimebadilishana viti.

Tahadhari moja: si kila kugawa ni halali. Ukigawa data kwa vigezo vingi vya kutosha, mwisho utapata kikundi ambacho unashinda, hata kama ni watu tisa. Jiwe lilikuwa na ukubwa wake kabla ya daktari kuchagua tiba, na ukubwa huo ulimfanya achague, kwa hiyo kugawa kwa ukubwa kunaeleweka. Kugawa kwa jambo lililotokea baada ya tiba, kwa mfano siku alizolala mgonjwa hospitali, kunaharibu hesabu badala ya kuinyoosha. Mwenye kukupiku kwa kikundi kidogo, mwulize alikichagua kabla au baada ya kuyaona matokeo.

Wastani wa mishahara unaopandishwa na bosi mmoja kila mtu anaujua, tuupite. Tofauti kati ya asilimia na pointi za asilimia nayo ni fupi: riba ikitoka asilimia 10 hadi 15, imepanda pointi 5, na imepanda asilimia 50. Benki itasema ya kwanza, mkopaji ya pili.

Kwenye mpira ndiko takwimu zinakozidiwa hadharani zaidi. Julai 8, 2014, Belo Horizonte, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Brazil ilimiliki mpira zaidi kidogo ya Ujerumani na ikapiga mashuti mengi zaidi. Ilifungwa 7-1. Siyo kwamba takwimu za umiliki ni za uongo. Ni kwamba kufikia dakika ya 29 ilikuwa 5-0, na baada ya hapo Wajerumani hawakuwa na haja ya mpira. Timu iliyo nyuma hulazimika kushambulia, na mashuti yake huongezeka kwa sababu inafungwa. Ukitaka takwimu ya mashuti ikusaidie kwenye kijiwe, hesabu yale ya wakati matokeo yakiwa sare tu. Wachache watakuwa na jedwali hilo, na ndiyo maana utawapiku.

Jambo la mwisho ni la mdomo. Ubishi ukiwa wa kusemwa na si wa kuandikwa, zungusha. "Milioni 62" inabaki kichwani kwa msikilizaji, "milioni 61, laki saba, elfu 41, mia na 20" inapotea kabla hujaimaliza. Namba kamili iwe mfukoni kwa yule atakayedai. Tarakimu nyingi baada ya nukta huwatia watu hofu, lakini sampuli ya watu 400 ina ukingo wa makosa wa karibu pointi 5 kila upande, na anayekusomea asilimia 37.42 kutoka kwenye sampuli hiyo anasoma mapambo. Akikurushia namba kumi kwa mpigo, usizijibu zote. Chagua moja, ile aliyoisema haraka kuliko nyingine, na umwombe asili yake.

Na yule mbishi wa kwanza, aliyesema Dar es Salaam inakua kuliko mkoa wowote, bado hajatoka mezani. Mkoa wake una eneo la kilomita za mraba 1,393 tu. Akigawa ongezeko lake kwa eneo badala ya watu, kila kilomita ya mraba imepokea watu 732 wapya katika miaka kumi. Wastani wa nchi haufiki 20.